Wavamizi Waliolima Vizuri

Nyota mbili. Kati ya tano, bwana mmoja amekipa nyota mbili kitabu kilichoninyima maziwa majira mazima ya mavuno. Nayasoma maneno yake nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya marehemu bibi yangu, hapa Gendabi, kwa sababu ndipo mahali pekee mtandao unapokamata. Nilikuja kuangalia paa linalovuja. Sasa paa nimelisahau, nimesimama juu ya kichuguu kama nyani, mtu mzima mwenye shahada na kitambi, nabishana na simu.

Wewe unanijua, rafiki yangu. Mimi si mtu wa kukasirika ovyo. Lakini sikiliza kwanza.

Lipo kundi la wasomaji ambalo nilijiunga nalo kwa kiherehere changu. Mtu hutaja kitabu, wenzake wakakijadili na kukipa nyota. Mwezi huu ni zamu ya zile riwaya za zamani za mambo ya sayansi: bahari inapanda na kumeza miji, mvua inagoma dunia nzima, viumbe kutoka sayari nyingine wanatua na kuitwaa ardhi. Nikakitaja kitabu cha mashine zinazofyeka, nikidhani duniani kote kimebaki ndani ya kichwa changu tu. Kumbe kipo, watu wanacho kwenye simu. Wakakisoma kwa siku mbili tatu, wakaanza kukichinja.

Mmoja ameandika: “Hakiaminiki. Viumbe wenye akili ya kuvuka anga wasafiri mbali hivyo kuja kukata majani?” Mwingine: “Wavamizi hawana chuki na mtu yeyote. Adui asiye na chuki hatishi.” Yule wa nyota mbili: “Mwisho ndio umeua kitabu. Asubuhi moja wanaondoka tu, bila sababu. Mwandishi alichoka.” Halafu mmoja akamalizia kwa vikaragosi vya kucheka: “Hivi kuna mtu aliwahi kukiogopa hiki?”

Yupo. Mimi. Na bibi yangu, na jirani yetu, ingawa kila mmoja wetu alikiogopa kwa sababu zake.

Kitabu kililetwa na mwalimu. Alikuwa kijana aliyetoka mbali, amepangiwa shule yetu, na kwa kuwa nyumba ya walimu ilikuwa haina mlango alipewa chumba kwa bibi. Mali zake zilikuwa godoro, redio isiyo na betri na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Alifika wakati wa kupukuchua mahindi, na nyumbani kwa bibi hapakuwa na mtu wa kukaa bure wakati huo. Mchana ukigeuka tulikaa uani, magunzi yanapanda kama kichuguu kingine, punje zinaanguka kwenye ungo kwa sauti ya mvua inayosita, upepo unashuka kutoka mlima Hanang na kutujaza makapi machoni. Mwalimu alijaribu. Kabla jua halijazama vidole vyake vilikuwa na malengelenge. Bibi akamtazama viganja, akahukumu.

“Mikono yako haifai, mwalimu. Tumia mdomo.”

Basi kazi yake ikawa kutusomea. Alisoma Kiingereza kwa macho na kutamka Kiswahili kwa mdomo, na palipomshinda aliangalia angani kidogo kama mtu anayekumbuka jina la shangazi, kisha akaendelea.

Kitabu kilisimulia hivi. Katika nchi moja ya nyasi, mbali sana na kwetu, vinatua vyombo kutoka angani. Ndani yake zinatoka mashine kubwa zenye midomo mipana. Zinajipanga bega kwa bega na kuanza kufyeka. Haziui mtu. Anayesogea pembeni anaishi. Zinakata kila kilicho kijani, zinageuza udongo, zinapanda kitu chao wenyewe, zinasonga mbele. Watu wanaandika barua serikalini. Serikali inamtuma ofisa, ofisa anatazama, anasema suala lao linafanyiwa kazi. Mashine zinampita ofisa.

Jirani yetu alikuja kila alasiri kuleta maziwa. Alikuwa mfugaji, Mbarbaig, boma lake lilikuwa ng'ambo ya korongo. Bibi alikuwa Mwiraqw wa Dongobesh aliyeolewa huku, mkulima hadi kwenye kucha. Baina ya nyumba hizo mbili palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeipima: kibuyu kilikuja na maziwa, kikarudi na mahindi. Maziwa yale yalikuwa na harufu ya moshi, kwa sababu kibuyu kilisafishwa ndani kwa kijiti kilichochomwa, na mpaka leo maziwa ya pakiti nayanywa kama dawa. Jirani hakuwahi kuketi. Alisimama na fimbo yake, mguu mmoja ameukunjia kwenye goti la mwingine, shuka jeusi begani, kwa madai kwamba anaondoka sasa hivi. Kwa madai hayo alisikiliza sura nzima nzima.

Sasa lazima nikueleze kilichokuwa kinaendelea nje ya kitabu. Chini yetu, tambarare, palikuwa na shamba kubwa la ngano. Kila majira lilisogea. Zilikuja nguzo fupi zenye rangi nyekundu kichwani, zikachomekwa ardhini, na msimu uliofuata trekta zilifika kwenye nguzo hizo. Sisi watoto tulizipenda trekta kupita kiasi. Mimi nilikuwa nimeamua kuwa dereva wa mashine ya kuvunia, na laiti ningeshikilia uamuzi ule, leo ningekuwa na kazi ya maana. Lakini baina ya nguzo za mwisho na boma la jirani palikuwa na kaburi la baba yake. Watu wake humjengea mzee aliyeheshimika kilima cha udongo na miti juu ya kaburi, kirefu kupita kimo cha mtu, na kazi hiyo huchukua miezi, ndugu wakikusanyika na pombe ya asali. Kila asubuhi jirani alipopita na ng'ombe alichuma konzi ya majani mabichi akayaweka pale. Ndivyo alivyomwamkia baba yake.

Na nguzo nyekundu zilikuwa zinakuja.

Kwa hiyo uelewe hali ilivyokuwa siku bibi alipotoa maoni yake juu ya kitabu. Mwalimu alikuwa ametoka kusoma jinsi mashine zilivyogeuza bonde zima kwa siku moja, udongo ukabaki mweusi na laini.

“Hao watu wanajua kazi,” bibi akasema, gunzi mkononi. “Mistari imenyooka. Hawaachi gugu hata moja.”

Jirani akashusha mguu. “Wanajua kazi?”

“Nasema ninachosikia. Wanalima vizuri. Na mwalimu amesema hawajamgusa mtu.”

“Wamegusa majani.”

“Majani yataota tena.”

“Mama, ng'ombe wangu wale hiyo ‘yataota’?”

Sisi tukacheka, na hilo halikusaidia. Bibi alikuwa amevunja ardhi kwa jembe la mkono tangu utotoni, mgongo wake ulishaanza kuinama. Mashine inayolima bonde kwa siku moja aliisikia kama habari njema. “Mwaka juzi ng'ombe wako walilala ndani ya mahindi yangu,” alisema. “Mbona hukuita uvamizi?”

“Nilikuja kukuomba radhi na dume la mbuzi.”

“Mbuzi mwenyewe alikuwa anakohoa.”

“Jamani,” mwalimu akaingilia, “hiki ni kitabu tu.”

Wote wawili wakamgeukia. “Wewe soma,” bibi akamwambia.

Lakini jirani alikuwa na swali. “Hao unaowaita wageni, mwalimu. Mgeni hupiga hodi. Mgeni hutuma mtoto mbele aseme tunakuja. Hebu niambie, walipofika kwenye makaburi ya watu wa nchi ile walifanyaje? Walipita pembeni?”

Mwalimu akafunua kurasa mbele, akazirudia nyuma. Alikuwa mtu mwaminifu. Nadhani ndilo lilikuwa tatizo lake kubwa maishani. “Kitabu hakisemi, mzee.”

“Basi aliyekiandika hajawahi kuvamiwa,” jirani akasema. Akachukua kibuyu chake kabla hakijatiwa mahindi, akavuka korongo. Kesho yake maziwa hayakuja.

Hayakuja na kesho kutwa. Tulikunywa chai ya rangi, tukala ugali kwa maharage makavu yasiyo na kitu cha kuyateremshia, na bibi akawa na uso wa mtu anayefurahia sana maharage makavu. Mwalimu alimsihi aende akayamalize. “Siombi radhi kwa ajili ya watu wa kwenye karatasi,” alijibu. Baada ya hapo aliagiza usomaji uendelee, na hapo tukaona ajabu. Kila alasiri, mwalimu alipofungua kitabu, ng'ombe wa jirani walisimama ng'ambo ya ua wetu wa katani, na jirani akainama kumtoa ng'ombe mwiba kwatoni. Sijawahi kuona ng'ombe wenye miiba mingi kiasi kile. Mwalimu naye akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano, na bibi, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kabisa, hakumwambia apunguze.

Katika siku hizo jirani alienda ofisini kuulizia nguzo. Aliambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Mwalimu aliposikia maneno hayo alienda chumbani, akarudi na kitabu, akautafuta ule ukurasa wa ofisa na kuusoma tena peke yake, midomo ikicheza.

Trekta ilifika mchana tukiwa shuleni. Tulisikia ngurumo yake darasani, na kama ningekuwa na akili ningeelewa, lakini mimi nilikuwa nahesabu gia kwa masikio. Tulipotoka, kilima hakikuwepo. Palikuwa na ardhi nyeusi, mistari imenyooka, na vipande vya miti ya zamani vimenasa kwenye visahani vya jembe. Dereva alikuwa ameshuka anavichomoa. Hakuwa mtu mbaya. Alitujibu “marahaba” kwa upole, akajipangusa uso, akasema tusikaribie chuma kisije kikatuumiza. Mstari alipewa na wakubwa wake, yeye alifuata mstari.

Ndiyo maana nasema huyu mtu wa kwenye simu, aliyeandika kwamba adui asiye na chuki hatishi, apewe nauli aje Gendabi. Dereva yule hakuwa na chuki hata chembe. Angekuwa nayo, jirani angalau angepata mtu wa kumkasirikia. Alisimama kwenye udongo laini, konzi ya majani mkononi, hana pa kuyaweka.

Bibi aliletewa habari na sisi, tukipokezana kwa kelele. Aliweka ungo chini, akanawa mikono, akavua kitenge cha kazi na kujifunga kile cha kanisani. Akateremka kwenye korongo, akachuma majani mabichi, akaingia shambani. Tulimfuata kwa mbali. Alitembea juu ya matuta yale kwa shida, viatu vinazama, hadi alipomfikia jirani.

“Ni hapa?” akauliza.

“Ni hapa.”

“Hapa, au pale?”

“Hapa, mama.”

Akainama, akaweka majani. Jirani naye akaweka yake. Wakasimama. Dereva akazima injini bila kuambiwa na mtu.

Nikukumbushe kwamba bibi alikuwa mwanakwaya. Hakuwa amewahi kuweka majani kwenye kaburi la mtu yeyote, na kanisani jambo hilo halikupita kimya. Jumapili katekista alimuuliza alikuwa anafanya nini kule tambarare. “Nilikuwa narudisha majani,” alimjibu, akaingia kwenye mstari wa sauti ya pili.

Kibuyu kilirudi kesho yake. Na siku hiyo jirani aliketi, mara ya kwanza na ya pekee ninayoikumbuka, juu ya kinu kilichogeuzwa, fimbo magotini. Mwalimu alisoma sura ya mwisho. Asubuhi moja watu wa nchi ile wanaamka na kusikia ukimya. Mashine zimesimama zilipokuwa. Vyombo vimeondoka. Hakuna aliyewashinda, hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyeambiwa kitu. Mwalimu akafunga kitabu.

Punje ziliendelea kuanguka kidogo, halafu zikaacha.

“Nimebadili mawazo yangu kuhusu hawa watu,” bibi akasema.

“Umechelewa,” jirani akasema, lakini kwa kutabasamu. Kisha akamgeukia mwalimu. “Walipoondoka, yale makaburi waliyarudisha mahali pake?”

Mwalimu alitazama ukurasa wa mwisho kwa muda mrefu, kama mwanafunzi anayetafuta jibu aliloambiwa lipo. “Kitabu kimeishia hapo, mzee.”

“Hakijaisha. Wewe umefika mwisho wa karatasi.”

Hayo ndiyo maoni ya wasomaji wa Gendabi. Hawakutoa nyota. Mmoja alikinyima kitabu maziwa yake, mwingine alikibadilia mawazo akiwa amevaa kitenge cha kanisani, na wote wawili walikichukulia kwa uzito ambao vitabu vyangu mwenyewe, vilivyojaa busara za chuo kikuu, havijawahi kuupata hata kutoka kwa mke wangu. Na haya makundi ya leo yanakisoma wapi? Kitandani, kidole kikiteleza, moyo ukingojea kuchoka. Yamesoma vitabu mia vya mwisho wa dunia na kila mara dunia iliyokwisha ni ya mtu mwingine. Halafu yanalalamika kwamba haitishi.

“Hakiaminiki.” Miaka michache iliyopita tope lilishuka alfajiri kutoka mlima huu huu, likapita juu ya nyumba za watu waliolala. Nilienda kuwapa pole ndugu. Nilimkuta mama mmoja anaosha sufuria pekee aliyoipata, anaisugua kwa mchanga hadi inang'aa, na hakuwa na nyumba ya kuirudishia. Mtu angeandika hivyo kwenye riwaya, kundi letu lingesema mhusika hana uhai.

Na mwisho unaochekwa? Nimeteremka kutoka kwenye kichuguu, nimekwenda tambarare kuuangalia mwisho huo kwa macho yangu. Shamba la ngano la zamani halipo. Liliondoka kama kwenye kitabu: msimu mmoja trekta zilipungua, msimu mwingine hazikuja, na hakuna aliyetuita kwenye mkutano akatuambia kwa nini. Mashine moja ya kuvunia imebaki, haina matairi, kuku wanataga ndani ya mdomo wake. Nimepanda kwenye kiti cha dereva, lazima nikiri, nikashika usukani. Haukuzunguka.

Kuizunguka mashine hiyo pamegawanywa. Alizeti hapa, mbaazi pale, ua wa miiba, nyumba ya bati jipya. Nilimkuta mwanamke mmoja kijana anapalilia, tukasalimiana, nikamuuliza kama amewahi kusikia kwamba maeneo haya palikuwa na kaburi la mzee, lenye kilima.

“Mimi nimekuja juzi tu, baba,” alisema. “Muulize mwenyeji.”

Nikasema mwenyeji ni mimi. Akanitazama viatu, akaendelea kupalilia.

Waliokuwa wanajua mahali ni wawili. Miaka yote baada ya siku ile, mvua za kwanza zikinyesha, walikwenda pamoja, jirani na bibi, wakabishana kidogo ni hapa au ni pale, wakakubaliana, wakaweka majani ndani ya ngano ya watu. Jirani alitangulia kufariki. Bibi akaenda peke yake, kisha mgongo ukakataa, kisha naye akaondoka. Wajukuu wa jirani walihama na ng'ombe kuelekea kusini. Mwalimu alihamishwa tukiwa bado hatujamaliza shule, na kitabu akaondoka nacho.

Nilirudi juu ya kichuguu na kuliandika swali kwenye kundi, kama lilivyoulizwa: walipoondoka, yale makaburi waliyarudisha mahali pake? Bwana wa nyota mbili alijibu upesi, kwa adabu kabisa. “Swali zuri, mkuu, ila halihusiani na kitabu.”

Nilizima simu nikateremka tena, safari hii kwa kupitia korongoni, nikachuma konzi ya majani mabichi. Nilitembea kutoka alizeti hadi mbaazi, nikarudi hadi kwenye ile mashine, yule mwanamke ameegemea jembe ananiangalia. Mahali popote pangeweza kuwa ndipo. Majani yalianza kulegea mkononi, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza, ni hapa, au pale.